Programu Aliyoilaza Segundo

Segundo alimnyima shemeji yake Targelia siku ya kumbariki mwanawe, na alifanya hivyo ili atazame mpira wa wavu.

Kompyuta ya Targelia ilitumwa na Klever, mtoto wa pekee wa Targelia, aliyekwenda New York kabla hata hajaota ndevu. Kila Jumapili ililia, mama akabonyeza kitufe cha kijani, wakala chakula cha mchana pamoja, yeye na mahindi yake ya kuchemsha hapa mjini kwetu Biblián, mwanawe kule. Zaidi ya kitufe hicho hakugusa kitu. Kusoma hajui, na aliogopa kuharibu.

Kisha Jumapili zikawa kimya. Dirisha la simu lilikuwa pale pale, picha ya Klever ikitabasamu. Targelia alijitanda shali safi, akaketi mbele yake mpaka mahindi yakapoa. Mwanzoni alijiambia kazi zimemzidi mtoto. Baadaye akajiambia, amenichoka.

Habari aliileta Rosaura, komadre wake, yaani waliyeunganishwa na ubatizo wa mtoto, akiwa amekunja uso. Klever ameoa. Alipiga magoti mbele ya kompyuta yake kule, yeye na mchumba wake, wakingoja baraka ya mama kama wanavyofanya watoto wote wa huku. Simu ikaita, ikaita. Mwishowe mama wa bibi harusi akawabariki wote wawili.

"Kama hukumtaka mkwe, komadre, si ungesema tu?"

Targelia alikwenda moja kwa moja kwa Segundo, mdogo wa marehemu mumewe, anayelala chumba cha uani. Segundo hakuficha. Mashine ilikuwa inasuasua, mechi inakatikakatika, akafungua orodha ya vinavyofanya kazi nyuma ya pazia, akailaza programu ya simu.

"Haijafa, shemeji. Imelala tu. Kwani wewe hulali?"

"Ningejuaje, na sura ya mwanangu naiona?"

"Si ungeigusa. Inang'ata?"

Akaiamsha kwa kidole kimoja. Simu zote ambazo hazikupokelewa zikamiminika, moja juu ya nyingine. Targelia akapiga. Hakuna aliyepokea.

Siku hizi orodha ile anaijua kwa rangi. Kila asubuhi huifungua, akahakikisha simu iko macho, kisha akaketi. Klever anaamini mama alimkataa, na mama hawezi kujitetea kwa mtu asiyepokea. Simu ya baba mdogo angeipokea. Segundo bado anadaiwa maneno machache, ayaseme kwa kinywa chake mbele ya kompyuta ile: ni mimi niliyeilaza. Hajayasema.