Sifuri ya Cherehani ya Kumi na Tisa

Karani wa kiwanda cha mashati alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuvumilia kisanduku kitupu. Jedwali lake la kompyuta, la hesabu ya mashati ya kila cherehani, lilipangwa vizuri kuliko kabati la nguo la mtu yeyote, na wenzake walimtania kwa kumwita Bi Mpangilio. Mshonaji asipofika kazini, karani mwingine angeacha mahali pake wazi. Yeye aliweka sifuri, kwa kuwa sifuri ilimpendeza macho. Usafi wa kupita kiasi nao una siku yake ya kumtokea mtu puani.

Hiyo kompyuta yenyewe asingeijua bila dada yake. Dada alikuwa mshonaji wa kola humo humo kiwandani, cherehani ya kumi na tisa, na kola hizo ndizo zilizomsomesha mdogo wake. Kila mwisho wa mwezi karani aliandika fomula ya vikubwa, ile inayookota namba kubwa ya kwanza, ya pili na ya tatu bila kuivuruga orodha, na washindi wakabandikwa ukutani. Kumi na tisa haikukosekana. Dada alijifanya hajali, ila siku hiyo alikuwa na safari nyingi za kupita karibu na ule ukuta.

Kisha oda zikapungua, ikabidi wafanyakazi wapunguzwe. Meneja akamwita karani.

"Chukua hesabu ya wiki hii, nipe cherehani tatu za chini kabisa. Namba tu. Majina sitaki, yataniingiza huruma."

Fomula ya vidogo ni ndugu wa ile ya vikubwa, ila yenyewe huanzia chini. Karani aliiandika, namba tatu zikajitokeza, akakagua kama fomula iko sawa. Ilichookota hakukiangalia. Haraka ilikuwa imemshika, maana mama yao alikuwa amelazwa na dada alishinda wodini wiki nzima. "Wewe nenda ofisini," dada alikuwa amemwambia. "Mimi nimeshaomba ruhusa, nitakaa na mama." Basi karani akatuma zile namba, akafunga ofisi, akakimbilia hospitali kumpokea dada zamu.

Mnaona balaa lilipo. Fomula ile hukiruka kisanduku kitupu, haina habari nacho. Lakini sifuri ni namba, tena ndogo kuliko zote.

Mama akaruhusiwa kurudi nyumbani, na Jumatatu dada akaingia kazini huku anaimba. Hata uzi hajautia kwenye sindano, msimamizi akaja kuisoma namba yake. Karani alimwona dada kupitia dirisha, yuko uani ameshika mto wake wa kukalia na mkasi wake. Akafungua jedwali. Sifuri ilikuwa imekaa pale pale alipoiweka.

Akakimbia kwa meneja na kompyuta mkononi. "Bosi, nimekosea mimi! Huyu alikuwa na ruhusa. Nilitakiwa niache wazi."

"Haya, acha wazi tuone."

Akaifuta. Papo hapo fomula ikapanda hatua moja, ikaleta cherehani ya thelathini na moja.

"Sawa," meneja akasema, wala hakuwa na hasira. "Mimi nahitaji watatu. Nimwite huyu?"

Karani alimjua. Thelathini na moja alikuwa mshonaji mmoja wa vifungo, tumbo lake limeshafika ukingo wa meza. "Naomba dakika moja, bosi."

Alimkuta dada getini, akamweleza yote. Dada hakumfokea. Aliuliza tu, "Nikibaki mimi, anatoka nani?"

"Yule wa vifungo."

"Mwenye mimba?"

Karani akaitikia kwa kichwa.

Dada aliuhamisha mto kutoka kwapa moja hadi jingine. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Rudisha sifuri yako, mdogo wangu."

"Dada, kosa ni langu! Siwezi kukufanyia hivyo."

"Rudisha. Nitashonaje na kiti chake nakitazama?"

Akairudisha. Ni kazi ya kidole kimoja, lakini aliifanya huku analia mbele ya meneja, na aibu hakuwa nayo tena.

Jioni alimkuta dada sebuleni, anapinda pazia kwa mkono. Mama alikuwa kwenye kochi, amejifunika shuka, hana habari.

"Mbona leo umewahi kurudi?" mama alimuuliza dada.

"Wamenipa likizo, mama. Nikuuguze mpaka upone."

Uso wa mama ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu augue. "Watu wa kazini kwenu wana utu jamani." Akamgeukia karani. "Wewe ndiye uliye karibu na wakubwa. Kesho unishukurie."

"Nitawashukuru, mama," karani akajibu.

Dada aliendelea kupinda pazia, wala hakuinua macho.