Siku ya Akiba ya Fundi Lukindo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisi ya maji pale Voi saa moja asubuhi, viatu vimejaa vumbi jekundu la kutoka stendi. Mhasibu, mtu mkimya wa suruali ya kaki, alinionyesha meza yangu na kunipa kitabu cha masurufu. Masurufu ni fedha anazopewa mfanyakazi kabla hajasafiri kikazi. Akirudi analeta risiti na kilichobaki. Mimi nilikuwa wa kukadiria siku kwa siku: malazi, chakula na nauli za ndani ya mji.

"Wakesho," akaniita kwa jina, "wasafiri watakuja kukulilia hapa. Wewe soma kiwango tu."

Kiwango kilikuwa karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye idadi ya siku na pesa za kila safari. Nairobi nilikuwa sijawahi kufika, lakini kwa miaka mitatu niliwapangia watu namna ya kuishi huko, na nikajiona hodari.

Baadaye nikahamishiwa Taveta. Huko mota ya pampu ya Mahoo iliungua, na Meneja akaamua Fundi Lukindo aipeleke Nairobi ikasukwe upya nyaya zake za ndani. Lukindo alikuwa na umri wa baba yangu. Alisimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi.

"Binti yangu, niongezee siku moja. Mafundi wa mjini wakisema Alhamisi, huwa ni Jumamosi."

"Mzee, kiwango ni siku nne," nikamjibu bila kuinua kichwa.

Alirudi siku ya saba, mota ikiwa kwenye buti la basi, mashavu yamebonyea. Nikahesabu risiti za malazi, nikaona zimepungua.

"Hizi siku nyingine ulilala wapi?"

"Kwenye benchi la mlinzi wa karakana. Alikuwa akinigawia chai."

"Mbona hukurudi?"

"Nirudi bila mota, watu wa Mahoo wanywe nini?"

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningepata pa kujitetea. Jioni ile maji yalitoka Mahoo, na mimi chakula kilinishinda.

Nilipopata likizo nilipanda basi kwenda Nairobi kwa pesa zangu, daftari mkononi. Nikagundua kwamba chumba cha bei ya kiwango chetu kilikuwa mbali na karakana, magari mawili kwenda na mawili kurudi. Mvua ikinyesha, nauli inapanda papo hapo. Siku ya kwanza ndiyo inayokula pesa, kwa sababu mgeni anafika na njaa, hajui hoteli ya bei nafuu wala njia ya mkato. Yote nikayaandika.

Niliporudi nilitengeneza fomu mpya: kila siku na makadirio yake, na mwisho siku moja ya akiba, ya kurudishwa isipotumika. Meneja aliisoma mara mbili.

"Unataka tuwalipe watu wakae tu mjini?"

"Asiyeitumia atairudisha, bwana."

"Na asiporudisha?"

"Nikatwe mshahara mimi."

Akatia sahihi. Kwa miaka yote iliyofuata nilikatwa mara mbili, na sikujuta.

Wa kwanza kusafiri kwa fomu hiyo alikuwa Lukindo. Safari ile kazi iliisha mapema. Alinirudishia pesa za siku ya akiba, zimekunjwa vizuri.

"Sikuzihitaji," akasema. "Lakini nilikula bila kuogopa."

Nilistaafu nikarudi Voi. Siku hizi vijana wanapanga safari kwa simu, chumba na tiketi ya treni kwa dakika moja, na ninawaonea wivu kidogo. Lakini mjukuu wangu akiaga kwamba anaenda Nairobi, namuuliza atakula wapi jioni ya kwanza, na mambo yakichelewa atalala wapi.

"Nyanya, si nitajua nikifika?"

Namvutia kiti, naenda kutafuta kalamu.