Dada Kitufe Kimoja

Ofisini kwetu hakuna anayemwita kwa jina. Wanamwita Kitufe Kimoja, naye huitika bila kinyongo, maana jina hilo amelitafuta mwenyewe. Ukimpelekea skrini uliyoibuni, ataiinamia kimya, kisha atauliza swali lake la kila siku: "Mtu akifika hapa anataka kufanya nini?" Ukishamjibu, anaendelea: "Sasa hivi vitufe vingine vimekuja kufanya nini, kupunga upepo?"

Mimi niliajiriwa pale nikitoka chuoni, vyeti vyangu bado vikinukia karatasi mpya, nikapewa meza inayotazamana na yake. Yeye ni mwandishi wa programu wa miaka mingi. Herufi za kibodi yake zimefutika zote, na anakataa kununuliwa nyingine. Mkononi anavaa saa ya mishale. Ile ya kisasa aliigawa.

"Ilikuwa inaniamuru nisimame nikikaa," aliniambia, "na inanikumbusha kupumua, kana kwamba nilikuwa nimeacha."

Bosi aliponunua birika la umeme linalowashwa kwa simu, sote tulilishangilia isipokuwa yeye. Asubuhi moja mtandao ukakatika, tukabaki tumelizunguka kama wagonjwa wanaosubiri daktari, vikombe mkononi. Akapita na sufuria yake ndogo. "Chai imekuwa mradi," akasema, akaenda zake jikoni.

Kinachomuudhi zaidi ni programu zinazojibadilisha usiku bila ruhusa ya mwenyewe. "Unalala mlango uko mbele, unaamka wameuhamishia chooni. Halafu wanakuandikia: hongera, tumeboresha makazi yako!"

Si kwamba anachukia teknolojia. Nimemwona akitokwa na machozi ya furaha kwa sababu ramani ya simu ilimfikisha kwa rafiki yake aliyeshikwa na uchungu wa uzazi, bila kuuliza njia. Anachotaka ni kifaa kimheshimu mtu. Ndiyo maana alituwekea kanuni ya kukalia mikono: anayejaribu programu mpya anaachiwa simu, na aliyeitengeneza anakaa pembeni, viganja chini ya mapaja, mdomo umefungwa. Haruhusiwi kuelekeza wala kunyoosha kidole. Ni mateso. Siku yangu ya kwanza nilikaribia kuuma ulimi.

Anayebishana naye zaidi ni mchoraji wetu wa skrini, tunayemwita Rangi.

"Dada, wewe ukipewa ndege uibuni," Rangi alimwambia siku moja, "rubani atakuta kitufe kimoja tu: Paa."

"Na kutua je?" nikauliza.

"Kilekile. Anabonyeza tena!"

Tulicheka mpaka bosi akatoka chumbani kwake. Kitufe Kimoja naye alicheka, lakini simu yake ikaita, kicheko kikakatika. Alikuwa kaka yake mkubwa, na sauti yake ilisikika hadi mezani kwangu.

"Mzee amenikatia simu tena. Anapokea, halafu anakata. Mimi nimechoka kulala na wasiwasi. Jumamosi jioni nakuja na gari, anahamia kwangu."

"Kaka, pale ni kwake. Umeshamuuliza lakini?"

"Nimuulize vipi na ananikatia?"

Alipomaliza kuongea na kaka yake, Kitufe Kimoja akanisimulia. Baba yao ni mwalimu mstaafu, anaishi peke yake tangu mama yao afariki, katika nyumba aliyoijenga kwa mshahara wake. Siku hizi mikono inamtetemeka. Simu ya kawaida ilimshinda: akitaka kumpigia mwanawe anampigia fundi bomba. Basi miezi kadhaa iliyopita binti yake akamwandikia programu maalumu, akafuta nyingine zote, akaacha skrini nyeupe yenye kitufe kimoja kikubwa cha kijani. Aliifanya kwa mapenzi yote. Tangu hapo mambo ndiyo yakazidi kuharibika, na sasa mzee alikuwa anakaribia kuhamishwa nyumbani kwake kwa sababu ya simu.

"Nisindikize Jumamosi," akaniambia. "Macho yangu yameshazoea kazi yangu. Njoo na yako, mdogo wangu."

Tulimkuta mzee sebuleni, shati limepigwa pasi, magazeti yamepangwa, ubao wa drafti uko mezani umejaa vumbi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyu ndiye mwenzako wa kompyuta? Karibu, kijana. Kaa, lakini usinitengenezee chochote. Nimeshatengenezewa vya kutosha."

Simu alikuwa ameifungia kabatini. Binti yake akaitoa, akaanza kueleza haraka haraka: ona baba, hapa unabonyeza hivi. Tayari alikuwa ameshamshika mzee kidole. Nikakohoa.

"Dada. Mikono."

Akanikazia macho. Kisha akakaa, akaikalia mikono yake, akafunga mdomo. Mzee alimtazama kwa mshangao. "Kumbe dawa yako ndiyo hiyo! Ningeijua zamani."

Nikaenda jikoni na simu yangu, nikampigia, huku nikichungulia mlangoni. Simu ya mzee ikaita. Kitufe cha kijani kikajaa skrini nzima, kizuri, hata kipofu angekiona. Mzee akanyoosha kidole, kikagusa, kikatetemeka, kikagusa tena. Nikasikia nusu ya "haloo", halafu kimya.

"Mmeona?" Mzee akaisukuma simu mbali. "Wananikatia. Huyo kaka yako kila siku ananipigia, nikipokea tu anakata. Kama hataki kuongea na mimi, si aseme?"

Mimi nilikuwa nimeona kila kitu kutoka mlangoni. Kwenye programu ile kitufe cha kupokelea na cha kukatia kilikuwa kimoja. Mara ya kwanza unapokea, mara ya pili unakata. Na mkono wa mzee hauwezi kugusa mara moja. Miezi yote hiyo baba na mwana walinuniana, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye anayekata.

"Paa, tua," binti akanong'ona. Akaitoa mikono chini ya mapaja, akajifunika uso. "Baba, hajakukatia hata siku moja. Ni mimi. Ni hiki kitufe changu, na kwa ajili yake kaka anakuja jioni na gari akuhamishie kwake."

Mzee akaitazama ile simu. "Na drafti yangu? Nilikuwa nacheza kwenye simu na mwenzangu niliyefundisha naye. Uliifuta kwa nini?"

"Nilidhani vile vikete ni vidogo mno kwako."

"Uliniuliza?"

Hilo ndilo swali alilomuuliza kaka yake kwenye simu.

Akaifuta programu yake palepale, akarudisha simu kama ilivyokuwa zamani, na drafti pia. Skrini ikajaa vialama vya kila rangi. Niliwaonea huruma wote wawili, kwa sababu jioni ilikuwa inakaribia na gari la kaka lilikuwa njiani.

"Nitaandika nyingine," akasema. "Itakayosubiri mkono utulie. Nipe wiki chache, baba."

"Hizo wiki nitazimalizia chumba cha wageni kwa kaka yako," mzee akasema. Akaegemea mbele. "Hapa pameandikwa Mipangilio. Ndani mna nini?"

"Achana napo, baba, utaharibu."

"Ndivyo mnavyoniambia siku zote. Kijana, hebu nifungulie."

Nikafungua. Akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti ya darasani, mstari kwa mstari, nami nikimsogezea: sauti, mwanga, lugha, betri. Tukateremka, tukaingia ndani, tukaingia ndani zaidi, mpaka mahali ambapo sidhani kama kuna mtu huwa anafika.

"Puuza miguso ya kurudiarudia," akasoma. "Hii ni nini?"

Binti yake akainuka taratibu kama mtu aliyeitwa na hakimu. Akasoma mwenyewe. Akasoma tena. Kisha akaangua kicheko, akakaa sakafuni, machozi yakamtoka.

"Ilikuwemo! Muda wote ilikuwemo humu! Nimekesha naandika programu, na ilikuwemo!"

"Sasa mbona wameificha huku shimoni?" mzee akauliza.

"Baba, siku nitakayokutana na aliyeificha, nitamkalisha kwenye mikono yake mwaka mzima."

Tukaiwasha. Nikarudi jikoni, nikapiga. Kidole kikashuka, kikatetemeka, kikagusa na kugusa tena. Simu ikahesabu mguso wa kwanza, ikanyamazia mingine.

"Haloo?" mzee akasema. "Haloo, nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mzee, niko jikoni kwako."

"Basi toka huko, nina simu ya kupiga."

Alimtafuta mwanawe kwenye orodha yeye mwenyewe, polepole. Binti yake alikuwa pembeni, amekalia mikono, midomo ameibana. Fundi bomba alipitwa salama.

"Wewe," mzee akasema simu ilipopokelewa, "nani kakwambia nahama?" Akasikiliza. Akasikiliza muda mrefu, uso ukilainika. "Hapana, sikukukatia. Ni dada yako, atakueleza mwenyewe. Hilo gari lirudishe, uje na njaa tu. Na ukifika, bisha hodi."

Akakata, mara moja tu, kwa kujionyesha. Kisha akaifungua drafti na kumtafuta mwenzake.

Kitufe Kimoja bado alikuwa amekalia mikono.