Filamu Iliyotuvalisha Makoti

Nimeitazama filamu ile mara nane, na mara zote nane imesema uongo ule ule bila haya.

Vijana wanne wa Kizungu wanapiga muziki katika ghala nyuma ya bucha. Mtu mmoja mnene anapita na gari lake, gurudumu linapasuka mbele ya ghala hilo hilo, anashuka kutafuta jeki, anausikia wimbo. Kabla ya kupata jeki amekwisha kuwaandika kazi. Gurudumu halionyeshwi tena. Kwa kadiri ninavyojua mimi, gari lile bado liko pale. Wiki moja baadaye vijana wamevaa makoti ya rangi moja, wimbo wao unatoka katika kila redio, na wasichana wanawakimbiza barabarani wakilia kama waliofiwa. Muda wote huo hakuna anayekaza waya wa gitaa. Hakuna waya unaokatika. Hakuna anayekula, na hakuna mzazi anayeuliza ni nani atakayefunga ng'ombe ikiwa mwanawe amepanda ndege.

Mmoja wa wale wanne ni mpole, ana miwani, hasemi. Hukaa nyuma akipiga gitaa huku akitazama viatu vyake. Karibu na mwisho, yule mtu mnene anasimamisha mazoezi, anapita katikati ya wenzake wote, anamwekea mkono begani na kumwambia kwamba wimbo ni yeye. Watu wote kwenye sinema hupiga makofi hapo. Mimi pia nilipiga, mara saba.

Sinema ya Kisumu siku nyingi ilionyesha picha za Kihindi, lakini Jumapili mchana walileta ya Kiingereza. Sisi wa Nyamasaria tulitembea mpaka mjini, tukakaa viti vya mbele kabisa, vya mbao, ambako shingo huuma na pua ya mtu kwenye pazia ni kubwa kama mlango. Kiingereza changu ni cha darasa la saba. Kilitosha. Filamu kama hiyo haihitaji Kiingereza kingi.

Bendi yetu ilikuwa na watu watatu. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, aliimba na kupiga gitaa la kwanza. Alikuwa amekaa Nairobi miezi miwili, akarudi na namna ya kuvaa kofia ambayo hakuiacha tena. Jirani yetu alipiga ngoma, naye alikuwa mtu wa amani. Ukimwambia piga, anapiga, ukimwambia acha, anaacha. Mimi nilipiga gitaa la pili. Nilisimama nyuma ya ngoma, nimewapa watu ubavu, kwa sababu nikitazamwa vidole vyangu hugeuka vijiti.

Asiyejua sherehe za kwetu lazima aelezwe jambo moja. Kwetu wimbo si wa mwimbaji peke yake. Katikati ya wimbo mtu yeyote anaweza kuinua mkono, akampa mwimbaji sarafu, na muziki ukashuka ili yeye ajisifu. Hiyo tunaiita pakruok. Mtu husimama akasema yeye ni mwana wa nani, shemeji wa nani, fahali wa kijiji gani, mtu ambaye mafuriko ya Ahero yalibeba nyumba yake naye akajenga nyingine kubwa zaidi. Akimaliza, watu wanashangilia, muziki unapanda, na mwingine tayari ameinua mkono.

Wakati mtu anajisifu, gitaa la kwanza hunyamaza na ngoma hupunguzwa. Linalobaki ni gitaa la pili, chini kabisa, nyuzi mbili tu, likizunguka pale pale. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Ukipiga kwa nguvu unameza maneno ya mtu. Ukilegea, unamwacha peke yake mbele ya watu. Unasikiliza pumzi zake, unamsubiri akilitafuta jina la babu yake, unamsukuma kidogo akiogopa. Niliijua kazi hiyo kwa sababu nilijua kuogopa ni nini. Mimi mwenyewe sikuwahi kujisifu hata siku moja.

Nilichokitaka kilikuwa kitu kimoja, santuri. Mwenye santuri husikika bila kutazamwa. Mama angeketi kwa jirani mwenye redio, gitaa langu lingetoka ndani ya kile kisanduku, na hakuna mtu ambaye angegeuza shingo kunitafuta.

Kulikuwa na mzee mjini mwenye duka la santuri, aliyekuwa akiwapeleka wanamuziki Nairobi wakarekodiwe. Binamu alimfuata dukani siku baada ya siku mpaka yule Mzee akachoka. "Mwisho wa mwezi mtoto wa dada yangu anaoa, huko Katito," akasema. "Njooni mpige. Nitasikiliza."

Mtu mwingine angekwenda nyumbani kufanya mazoezi. Binamu alitupeleka sinema. Tulipotoka, njiani, akaanza.

"Mmeona? Kuna mtu hata mmoja amesimamisha wimbo pale?"

"Hapana," akasema mpiga ngoma.

"Kuna mzee ameinua mkono kusema yeye ni fahali wa wapi?"

"Wale hawana fahali. Mimi nimeona bucha tu."

Binamu hakucheka. "Katito hakuna kusimama. Tunapiga wimbo mzima, tunapiga wa pili mzima, mpaka Mzee mwenyewe atoe kalamu. Hii pakruok ndiyo inaturudisha nyuma. Omera, ndugu yangu, wewe unasemaje?"

Aliniuliza mimi. Nilikuwa na sababu nyingi za kukataa. Nikasema, "Sawa." Tena, ukweli ni kwamba nilikuwa namfikiria yule mwenye miwani.

Halafu yakaja makoti. Fundi wa Nyamasaria alikuwa amebakiwa na kitambaa kizito cha bluu baada ya kushona sare za shule, akatushonea makoti matatu yenye vifungo vinavyong'aa kama vya askari. Aliyebuni koti la mwanamuziki hakuwahi kushuka kwenye basi Katito saa saba mchana. Tulisimama pale njia ya Kendu Bay inapochepuka, jasho likitutoka mpaka kwenye soksi, na mama mmoja muuza ndizi akatutazama kuanzia juu mpaka chini.

"Mmekuja kuchanja ng'ombe?"

"Sisi ni wanamuziki, Mama," akajibu binamu.

"Poleni," akasema mama, akarudi kwa ndizi zake.

Harusi ilikuwa chini ya turubai. Mzee wa duka alikaa mbele na soda mkononi. Wimbo wa kwanza watu walicheza, maana wa kwanza huachwa upite. Katika wa pili, baba mdogo wa bwana harusi aliinua mkono, sarafu katikati ya vidole. Binamu akatazama juu ya kichwa cha mtu huyo, vile wanavyotazama wale wa kwenye filamu, kama kwamba kuna kitu mbali, labda ndege. Yule baba mdogo alibaki mkono juu mpaka wimbo ukaisha. Akaushusha polepole, akaketi.

Katika wa tatu akasimama mwingine, na huyo pia akaachwa. Watu wakaacha kucheza. Kutoka nyuma ya ngoma niliwasikia vizuri sana.

"Labda hawasikii Kijaluo."

"Wana sare. Hao ni wa serikali."

"Kama ni wa serikali, wacha wapige, watachoka."

Binamu aliona watu wamepoa, akaamua kuruka. Kwenye filamu mwimbaji huruka, akatua kwa magoti, wasichana wakazimia. Binamu aliruka, akatua kwa magoti, kifungo kimoja cha koti kikachomoka na kuingia ndani ya sahani ya wali. Hakuna aliyezimia. Mwenye wali alikitoa kwa vidole viwili akakiweka kando ya sahani, kama mtu anayetoa jiwe.

Ndipo akasimama nyanya yake bwana harusi. Alikuwa na fimbo, na mjukuu wa kike amemshika kiwiko. Sarafu yake ilikuwa imefungwa kwenye pembe ya leso, na alikuwa akifungua lile fundo huku anatembea. Binamu alimwona. Najua alimwona, kwa sababu ndipo alipofumba macho na kuinua kidevu, mtindo wa filamu tena. Nyanya akafika, akanyoosha sarafu kwa mtu aliyefumba macho, akabaki ameinyoosha.

Vidole vyangu vilishuka. Ningependa kusema ulikuwa ushujaa, lakini haukuwa. Sikuweza tu kumtazama amesimama vile. Nikashuka kwenye nyuzi mbili, chini kabisa. Mpiga ngoma, mtu wa amani, akasikia, akapunguza. Binamu akajikuta anaimba peke yake kama mlevi wa njiani, akafumbua macho, akanyamaza.

"Mimi binti wa Nyakach," akaanza nyanya. "Niliyevuka mto Sondu na mtungi kichwani na mimba tumboni. Nani alimlea bwana harusi huyu mama yake alipolazwa?"

"Ni wewe," wakajibu watu.

"Nani alimkataza asimwoe yule wa kwanza, yule mwenye mdomo?"

Turubai nzima ikacheka, na bibi harusi akacheka kuliko wote. "Ni wewe, nyanya."

Alipofika kwa baba mkwe wake, jina likampotea. Nikazunguka mara moja, nikazunguka mara ya pili, nikamsikia akivuta pumzi, nikazunguka tena. Akalipata. Muziki ulipopanda, mikono ilikuwa imeinuka kila pembe, na sherehe ikawa sherehe. Binamu alipiga mpaka mwisho kwa uso wa mtu aliyeibiwa.

Tulipokuwa tunafungasha, jua bado lipo, Mzee wa duka alitujia.

"Nyimbo za kukimbia bila kusimama ninazo dukani, rafu nzima, zinakula vumbi," akasema. "Sikuja Katito kwa ajili ya hizo." Binamu alifungua mdomo, Mzee akainua mkono. "Ile gitaa ya chini, nyanya akiongea. Aliyeipiga ni nani?"

Mahali hapo nilipajua kwa moyo. Nilikuwa nimelipia kiti mara saba kupatazama. Kwa hiyo nilifanya kama afanyavyo mwenye miwani. Nilitazama viatu vyangu, nikangoja.

"Hiyo ni mimi nilimfundisha," binamu akasema haraka. "Huwa tunabadilishana."

Mpiga ngoma akakohoa. Nilihisi Mzee ananitazama. Nikaendelea na viatu, nikiungoja mkono begani. Viatu vilikuwa na vumbi, cha kushoto kimeanza kufunguka mbele. Halafu nikasikia mlango wa gari ukifungwa, na gari, magurudumu yake yote manne mazima kabisa, likaondoka.

Ilinichukua wiki tatu kufika dukani kwake. Siku mbili nilipita mbele nikajifanya ninakwenda sokoni. Siku ya tatu niliingia.

"Mzee, ile gitaa ya chini kule Katito ilikuwa mimi."

Alikuwa akifuta santuri kwa kitambaa, hakuacha. "Nilidhani hivyo. Ndiyo maana nikauliza."

"Ndiyo, Mzee."

"Ukanionyesha utosi."

"Ndiyo, Mzee."

"Nimeshampeleka kijana wa Ahero. Alikwenda juzi. Hapigi kama wewe. Lakini alinitajia jina lake, la baba yake na la kijiji chao kabla sijamaliza kumsalimu. Kule Nairobi hakuna nyanya wa kukuvuta, kijana. Unaambiwa anza, unaanza."

"Na safari ijayo?"

"Safari ijayo hayo yaseme palepale." Akairudisha santuri kwenye karatasi yake, akachukua nyingine.

Jumapili iliyofuata nilikwenda sinema peke yangu. Binamu alikuwa amerudi Nairobi na kofia yake. Nilivaa lile koti la bluu kwa kuwa sikuwa na koti lingine. Gari likaharibika mbele ya ghala, kama kawaida yake. Wakapanda ndege. Kisha mtu mnene akapita katikati ya watu, akaweka mkono begani kwa yule aliyekuwa hajafungua mdomo tangu filamu ianze, makofi yakalia, na mimi nikacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, sijui kilikuwa kimekaa wapi miaka yote hiyo. Kiliendelea hata makofi yalipokwisha.

Mlinzi akanimulika kwa tochi. "Wewe mwenye koti. Nyamaza ama utoke."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuambiwa kwamba ninapiga kelele. Nilisimama nitoke, lakini nikiwa nimesimama nikainua mkono. Nikataja jina langu na la baba yangu. Nikasema mimi ndiye kijana wa Nyamasaria, niliyeshika nyuzi mbili Katito nyanya akitafuta jina la baba mkwe wake, na sikuziachia mpaka alipolipata. Wa viti vya nyuma, vile vya kulalia, wakanizomea. Lakini wenzangu wa mbele, wa viti vya mbao, waliijua zamu yao.

"Ni wewe," wakajibu.

Mlinzi akanishika kola, tukaenda. Mlangoni niligeuka nikatazama. Kwenye pazia wale wanne walikuwa bado wanapiga, meno nje, na hakuna hata mmoja aliyepunguza.