Nani Anauchomoa Mpira wa Mzee Okelo?

Wasomaji, nichekeni, lakini mnisikilize hadi mwisho. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya Homa Bay. Juzijuzi nilipewa kumhudumia Mzee Okelo, mkulima wa Kosele aliyekuwa mahututi, hajitambui. Alilishwa uji kwa mpira mwembamba uliopitia puani.

Kila nikishamgeuza na kwenda zangu, nikirudi naukuta mpira umechomoka, umelala kitandani, na mzee anazidi kukonda. Nikabandika plasta mpaka pua ikapotea. Bado ukachomoka. Nikamshuku mkewe, aliyeshinda hapo kutwa.

"Mama, unauvuta ili umlishe samaki kwa siri," nikamwambia mbele ya wodi nzima.

"Nyathina, mtoto wangu, mimi sijamgusa," akajibu kwa upole.

Nikamwita matroni aje amfukuze. Niliinama kwa madaha kumwonyesha nilivyoufunga, kisha nikainuka.

"Sista," matroni akasema, "mpira umenasa kwenye saa yako ya kifuani."

Nikatazama chini. Ulikuwa unaning'inia hapo pamoja na plasta zangu zote, ukinidondoshea uji viatuni.