Kofia Moja, Mapasa Wawili

Mwezi ule nilikuwa na kazi nne za kufuma kwa wakati mmoja, na zote nilizikubali kwa sababu ya haya. Mtu akiniomba kitu macho yangu yanashuka chini, na neno jepesi kutoka mdomoni ni "ndiyo". Ukisema ndiyo, mtu anafurahi na kwenda zake. Ukisema hapana anabaki amesimama, anauliza kwa nini, na unalazimika kuongea tena. Hivyo nilikuwa na sweta ya baba, anayefanya kazi kwenye reli na anayetoka asubuhi za kiangazi baridi ikiuma. Nilikuwa na vitambaa vya viti vya mwalimu wangu wa Kifaransa. Nilikuwa na shali ya mama mmoja wa kwaya. Na nilikuwa na nguo za mtoto wa Yaya, dada yangu mkubwa, aliyekuwa karibu kujifungua. Mitihani ya mwisho wa mwaka nayo ilikuwa inakuja.

Kila kazi ilikuwa na mfuko wake, na mifuko ilining'inia kwenye misumari juu ya kitanda changu. Halikuwa pambo. Mama anauza sokoni samaki wakavu wanaotoka Kinkondja, na magunia yake yanalala katika chumba kile kile ninacholala mimi. Uzi ukikaa chini siku moja tu, unanuka. Mwalimu wa Kifaransa asingependa kukalia samaki.

Nilifuma popote. Nilifuma kwenye foleni ya maji, bidoni, madumu ya kutekea, zikiwa mbele yangu, na nilifuma nikingoja maji ya bukari, ugali wetu, yachemke. Kemia niliisoma daftari likiwa wazi magotini na mkono wa sweta ya baba juu yake, nikisogeza sufu pembeni kila nilipofika mwisho wa mstari ili nione fomula. Mara mbili nilichanganya, nikaenda shule na mfuko wa shali badala ya vitabu. Wenzangu walicheka. Mimi nilikaa nyuma na kufuma chini ya dawati.

Sufu mpya hapa Kamina ni shida kuipata, na rangi unayoikuta leo huikuti tena wiki ijayo. Kwa hiyo tunafumua. Unakwenda kwenye malundo ya nguo za mtumba, unachagua sweta, unaigeuza ndani nje na kutazama mishono ya ubavuni. Kama imekatwa na mashine, iache, itakupa vipande vipande. Kama kingo zimefumwa nzima, utavuta uzi mmoja mrefu mpaka sweta yote iishe mikononi mwako. Baadaye unaufua na kuuning'iniza na chupa ya maji chini yake ili ule mkunjo unyooke. Kwa mtoto wa Yaya nilipata sweta ya manjano, rangi ya papai lililoiva. Ilitoa kofia, soksi mbili na kikoti. Bonge dogo lilibaki, na kwa kuwa sufu ya kijivu ya mama wa kwaya ilikuwa haitoshi, nililiingiza lile bonge kwenye shali yake, mistari mitatu ya manjano. Nilijiona mwenye akili sana.

Yaya alijifungua siku ya Jumanne, mapema asubuhi. Nilipotoka shule nilimkuta mama nyumbani akikusanya vitenge.

"Ni mapasa," aliniambia. "Batoto babili, wote wanaume."

Pacha sisi tunawaita mapasa. Hakuna aliyekuwa amejua, Yaya mwenyewe hakujua. Nilichukua mfuko wa nguo za mtoto kutoka kwenye msumari wake na kwenda hospitali mbio, kwa furaha, nisije nikafika mikono mitupu.

Yaya alikuwa amelala. Kambo, bibi yetu mzaa mama, alikuwa ametoka kutafuta maji ya moto. Watoto walilala pembeni ya mama yao wamefungwa kama mahindi ndani ya maganda. Aliyekuwa upande wangu alikuwa mnene, kichwa kiko wazi, na dirisha la chumba kile halikuwa na kioo. Nilimwonea huruma. Nilimvalisha kofia. Ilimkaa vizuri sana, kama nilimpima tumboni. Nikamvalisha na soksi. Mwenzake alikuwa mdogo, karibu nusu yake, uso wake umejificha ndani ya kitenge.

Kambo aliingia na beseni. Alisimama mlangoni.

"Nani amemuvalisha huyu?"

"Ni minyi, Kambo."

"Na mwenzake?"

Macho yangu yalishuka kwenye beseni.

"Weye ulizaliwa Ulaya?" alisema. "Huone ni babili?"

Aliweka beseni chini, akamvua yule mkubwa kofia, kisha soksi moja moja, akanirudishia. Halafu aliinama kwa yule mdogo na kuongea naye kwa Kiluba, polepole, kama mtu anayeomba radhi kwa mgeni aliyerukwa wakati chakula kinagawanywa.

Nilijua. Jambo hili nililijua tangu utoto, kila mtu kwetu analijua. Mapasa ni sawa. Ukimsalimia mmoja unamsalimia na wa pili. Ukileta zawadi unaleta mbili, na ziwe za aina moja. Ukimpa mmoja na kumwacha mwenziwe, yule aliyeachwa anachukia, na mtoto mchanga akichukia anaweza kurudi alikotoka. Nilijua yote haya, lakini kwenye mfuko niliandaa vya mtoto mmoja, na mikono yangu ikafanya ilichozoea.

Jioni ile yule mdogo alikataa ziwa. Jumatano alikataa pia. Yaya alimweka kifuani, alimgusa shavu, alimtekenya nyayo, naye aligeuza uso na kulala. Mkubwa alinyonya kwa kelele. Hakuna aliyeniambia neno, hata Kambo, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu kwamba hawatavalishwa chochote mpaka wote wawili wawe na kitu kimoja. Alikata kitenge kimoja katikati na kuwafunga nusu kwa nusu.

Mimi nilikuwa na jibu tayari kichwani, nalo lilining'inia kwenye msumari wa tatu. Sufu ya manjano ilikuwa ndani ya shali. Sikuhitaji kikoti cha pili haraka, kikoti kingesubiri. Nilihitaji kofia na soksi, na mistari mitatu ingetosha. Lakini shali haikuwa yangu, na mwenye shali nilimwogopa.

Ni mke wa mwanajeshi, anakaa kule base, kambi ya jeshi. Alizaliwa mbali, amefuata mume wake mikoa mingi, na Kiswahili chake kina Lingala ndani. Kwenye kwaya sauti yake inasikika juu ya ngoma. Kila Jumapili baada ya misa alinishika bega na kuuliza kama inakua: "Mama mudogo, shali yangu iko inakomea?" Mimi nilisema ndiyo. Alikuwa ametangaza kwa kwaya nzima kwamba ataivaa kwenye sikukuu ya parokia, na alikuwa aje kuichukua Alhamisi.

Niliwaza kufumua kwa siri na kusema panya wamekula. Niliwaza pia kulala kitandani na kumwambia mama aseme nina malaria. Alhamisi mchana niliposikia pikipiki inasimama mbele ya nyumba, nilikimbilia jikoni nyuma na kukaa kwenye kigoda katikati ya masufuria. Nilimsikia akimsalimia mama. Nilimsikia mama, ambaye hakujua lolote kuhusu mipango yangu, akisema: "Iko kule jikoni, pita tu."

Alipita. Alijaza mlango.

"Mama mudogo, unajificha kama kuku wa deni. Iko wapi shali yangu?"

Shali ilikuwa magotini mwangu, kwa sababu nilikimbia nayo. Nilitazama miguu yake, nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba Yaya amezaa mapasa, kwamba nimemvalisha mmoja nikamwacha mwingine, kwamba aliyeachwa hanyonyi tangu Jumanne, kwamba manjano yaliyobaki yote yako kwenye shali yake, kwamba nataka kuyatoa. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu mkubwa asiye wa nyumbani.

Alivuta kigoda cha pili na kukaa.

"Mutoto hanyonye, na weye uko unaogopa shali?"

"Uliitangaza kwa bamama."

"Nitatangaza ingine. Midomo iko yangu." Alichukua shali na kuigeuza. "Vitu ngapi uko navyo, weye, vya kufuma?"

"Vinne."

"Na shule?"

"Na mitihani, Jumatatu."

"Sasa nilipokuomba, juu ya nini hukukataa?"

Niliinua mabega.

"Mudomo yako inajua neno moja tu? Sema apana. Sema nisikie."

"Apana."

"Hiyo ni ya panya. Sema ya muntu."

"Apana, maman," nilisema, na nikacheka bila kutaka, naye akacheka mpaka mama akachungulia.

Tulifumua pamoja. Yeye alivuta, mimi nilikunja uzi kwenye bonge. Kwa kuwa mistari ilikuwa katikati ya shali, ilibidi kufumua na kijivu chote kilichofuata. Shali ilibaki fupi, ilimfikia kwenye viwiko. Aliijaribu pale pale jikoni, akasema inatosha kumfunika mahali panaposikia baridi, akaikunja na kuiweka ndani ya mkoba wake. Kijivu kilichobaki aliniachia. Alipopanda pikipiki alisema, "Umuambie mama wa mapasa nitakuja kuwaona, na nitaleta mbili mbili."

Uzi ule ulikuwa umejikunja kama nywele, na sikuwa na siku mbili za kuufua na kuuning'iniza. Niliufuma hivyo hivyo. Ijumaa nilifuma kofia kabla ya shule na baada ya shule, nikahesabu tundu zile zile za kofia ya kwanza, nikaiweka ya kwanza mbele yangu na kuangalia kila duara. Hata hivyo hazikufanana. Ya kwanza ilikuwa laini, ya pili ilikuwa na vimawimbi. Mwalimu wa Kifaransa aliponiuliza kuhusu vitambaa vyake, nilimwambia kwamba vitakuwa tayari baada ya mitihani, sio kabla. Aliitikia kwa kichwa na kuendelea kufuta ubao. Nilibaki nimesimama, nikingoja anikasirikie, mpaka nikaona hana habari nami tena.

Jumamosi asubuhi, wakati soksi zilikuwa zimekamilika, nilimpelekea Kambo vyote nyumbani kwake kabla ya kwenda hospitali. Nilimwonyesha vile vimawimbi. Alishika kofia mbili, moja kila mkono, akazinyoosha, akazinusa. Hakunigombeza. Alizitia zote, kofia na soksi, ndani ya beseni moja la maji ya uvuguvugu na sabuni, akazifua pamoja, akazikamua pamoja na kuzitandaza juani juu ya mkeka mmoja. Zilipokauka vimawimbi havikuisha, lakini ile ya kwanza nayo ilikuwa imejikunja kidogo. "Sasa bametoka kwa maji moya," alisema.

Tulipofika, Yaya alikuwa ameketi. Nilimtafuta yule mdogo kwa macho na sikumwona mahali pake. Alikuwa chini ya kitenge cha Yaya, kifuani.

"Ameanza alfajiri," Yaya alisema. "Kidogo kidogo."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Niliangalia mfuko mikononi mwangu. Alikuwa ameanza kabla hata sijamaliza soksi ya pili. Ndipo nilipomwambia Yaya, kwa sauti ndogo, kwamba tangu Jumanne nilifikiri ni mimi, ni kofia yangu.

"Kofia?" alisema. "Alikuwa amechoka, mudogo wangu. Ni mudogo sana, hakuwa na nguvu ya kuvuta. Infirmière, muuguzi wa hapa, alinikamua maziwa, tulimupa na kijiko, siku tatu. Hukuona kijiko?"

Nilikuwa nimekiona. Kilikuwa kwenye kikombe kwenye ukingo wa dirisha kila nilipokuja, na nilidhani ni cha chai ya Yaya.

"Kijiko na radhi," Kambo alisema, bila kututazama. "Byote."

Yaya hakubishana naye, nami sikubishana. Hata leo sijui ni upande gani niko. Najua tu kwamba nilisikia kitu kizito kikinitoka mgongoni, kama bidoni mtu anapokusaidia kuitua.

Kambo alimngoja yule mdogo amalize. Halafu tuliwalaza wote wawili katikati ya kitanda. Alisimama upande wa mkubwa, akaniweka mimi upande wa mdogo, akanipa kofia yenye vimawimbi vingi zaidi.

"Pamoja," alisema. "Usitangulie."

Tuliwavalisha kwa wakati mmoja, macho yangu kwenye mikono yake. Mkubwa alilia. Mdogo alizama ndani ya kofia mpaka puani, maana niliifuma kwa tundu za kichwa cha ndugu yake. Niliikunja ukingo mara mbili ili macho yatokee. Alikunja uso, akafungua mdomo, akatafuta. Yaya alimchukua. Chumba kilikuwa kimya kidogo wakati ule, na nilisikia akimeza, akipumzika, akimeza tena. Nilikaa pale kumsikiliza mpaka wageni wengine wakaja, na kemia yote ya Jumatatu ilikuwa bado haijasomwa.