Jiko la Bibi na Dhahabu ya Mjomba

Mwezi uliopita nilimpeleka mjomba kliniki, hapa Kahama, kwa sababu alikuwa ameanza kusahau njia ya kutoka uani kurudi chumbani kwake. Tukiwa kwenye benchi, mhudumu wa afya alisimama mbele yetu akatutajia mambo ya kutunza ubongo: tulale mapema, tutembee kwa miguu, tule mboga za majani na karanga, tupunguze sukari, tuongee na watu. Mjomba alikuwa akicheka peke yake, mikono ikimtetemeka juu ya magoti. Mimi nilikuwa namkumbuka bibi. Kila kilichotajwa pale, ndugu yangu, bibi yangu wa Samuye alikifanya maisha yake yote bila kuambiwa na mtu.

Aliamka kukiwa bado na giza, akasaga mtama huku akiimba kwa pua. Alitembea hadi lambo na kurudi na ndoo kichwani, hata alipokuwa na wajukuu wa kutosha kumtekea. Tulikula mlenda, tukala michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga za kutwanga, na harufu yake ilikaa kwenye nguo zetu hadi shuleni. Kuku wakipanda kulala, naye alikuwa njiani kwenda kitandani.

Lakini jambo lake kubwa lilikuwa salamu. Kwetu Usukumani salamu si neno moja. Unasimama njiani, unaulizwa umeamkaje, ng'ombe wameamkaje, mvua imenyesha upande gani, na mwishoni unapewa salamu za kupeleka nyumbani. Bibi alitaka zote zifike. Jioni, kabla hatujanawa mikono, kila mmoja alieleza siku yake tangu asubuhi: amekutana na nani, wapi, kasema nini. Ukimruka mtu, unaanza upya huku ugali ukipoa. "Kichwa ni kihenge," alisema. "Usipokifungua, fukusi wanakula nafaka yote."

Bingwa wetu alikuwa mjomba, mtoto wa mwisho wa bibi. Alileta salamu pamoja na sauti za wenyewe. Alishika kiuno kama mama jirani, akabana pua: "Mwambie mama yako ungo ule si zawadi, nilimwazima!" Bibi alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga.

Kisha mjomba akaenda Geita, machimboni. Kila aliporudi alikuwa na kidonge cha rangi ya fedha, amekifunga kwenye kitambaa: dhahabu iliyoshikana na zebaki. Ukikiweka juu ya makaa, zebaki inapaa na dhahabu inabaki, ya njano. Wenzake walichoma hukohuko, na yeye alichoma huko mara nyingi. Lakini kidonge cha mwisho cha kila safari, kabla ya kurudi nyumbani, hakukubali kukichoma mbele ya watu. Wachimbaji husema dhahabu inahama, na mjomba aliliamini hilo kuliko padri.

"Mayu," alimwambia bibi, yaani mama, "dhahabu ikiivia jikoni kwa mama haihami tena."

"Ivishe. Lakini mlango uwe wazi. Moshi una njia yake."

"Ukiwa wazi itatoroka, Mayu!"

Bibi alisonya akaenda kupepeta mtama nyuma ya nyumba. Mjomba akanikonyeza. "Mjomba," aliniita, kama wajomba wanavyotuita, "funga. Safari ijayo nakuletea raba za shule."

Nilifunga. Niliegemeza mgongo kwenye bati la mlango, kwa nje, msichana mdogo nikajiona mlinzi wa mali. Ndani nilimsikia akipiga mluzi, akikohoa, akipiga mluzi tena. Nilifanya hivyo kila aliporudi, kwa miaka, na raba nilizipata.

Kwanza usingizi ulianza kumkimbia mjomba. Zikafuata hasira za ghafla, kisha mikono kutetemeka. Mwisho salamu zikaanza kumpotea.

"Nimekutana na yule… yule mwenye…" Mjomba alilitafuta jina, akalikosa. Sisi watoto tulidhani anatutania, tukaanza kucheka. Akapiga bakuli la mlenda teke.

Bibi aliamini kichwa cha mwanawe kimelegea kwa kukosa kazi. Alimtembeza hadi lambo asubuhi na jioni. Alimpikia mlenda, akamnyima chai ya sukari, akamlaza mapema kama mtoto.

"Anza tena, mwanangu. Ulipotoka hapa ulipita upande gani?"

"Mayu, mbona unanifanya mtoto?"

"Nakufanya mtu. Anza."

Alianza. Kila siku masimulizi yake yaliishia karibu zaidi na nyumbani, hadi siku moja yakaishia mlangoni tu.

Muuguzi wa zahanati alipokuja kumwona, aliuliza kazi yake, akauliza anachomea wapi. Akaingia jikoni, akatazama dari lililojaa masizi. Akatueleza kwamba mvuke wa zebaki hauonekani, na kwamba ndio unaokula ubongo. Machimboni angalau kulikuwa na upepo.

"Na huu mlango, nani alikuwa anaufunga?"

Nilikuwa nimesimama pale pale, miguuni nikiwa na zile raba.

"Mimi," bibi alisema. "Ni mimi mama yake."

Jioni ile alitueleza siku yake kama kawaida, neno kwa neno, na muuguzi akiwemo, hadi rangi ya soksi zake. Swali lile alilipita. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akiruka kitu, na hakuna aliyemwambia aanze upya.

Kichwa chake kilibaki kizima hadi siku aliyokufa. Wakati mwingine nafikiri ndiyo iliyokuwa adhabu yake: kila asubuhi kuamka na kukumbuka yote. Siku hizi Samuye watu wanapita na pikipiki, wanapiga honi, basi. Jiko lilibomolewa, bati likauzwa.

Mjomba anaishi nami Nyasubi, hapa hapa Kahama. Namtembeza, nampikia mlenda, namlaza mapema. Tuliporudi kutoka kliniki nilimkalisha barazani, nikamshika mikono ile isiyotulia, nikamwambia nilichokuwa sijamwambia mtu: "Mjomba, mlango hakuwa anaufunga bibi. Nilikuwa naufunga mimi."

Alinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila kujitambulisha.

"Mlango gani, mama?"